Kilo 15 za kwenda Seronera

Sanduku langu la magurudumu, likiwa tupu, lina kilo 4 na nusu. Nililijua hilo nikiwa tayari uwanja wa ndege wa Mwanza, foleni iko nyuma yangu, kijana wa mizigo anausoma mzani kwa sauti: ishirini na mbili! Ruhusa ilikuwa kilo 15, na mkoba wa mkononi umo humohumo. Nikafungua sakafuni, mbele za watu. Nikatoa pasi ya nguo, viatu jozi mbili, jinzi, na dagaa wa dada yangu anayefanya kazi Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti. Hata lilipopungua, sanduku likakataliwa kwa sababu ni gumu. Bodaboda akalirudisha nyumbani Pasiansi, mimi nikapanda ndege na furushi la kanga kama naenda msibani.

Wala hawakunionea. Zile ndege ndogo za Cessna Caravan hubeba mizigo kwenye kasha lililo chini ya tumbo la ndege, na mlango wake ni mdogo. Begi laini linabonyea na kujipenyeza, sanduku haliwezi. Tena Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana likipamba moto hewa inakuwa nyepesi, ndege inapata shida kunyanyuka. Ndiyo maana rubani anapiga hesabu ya mafuta, mizigo na nyinyi wenyewe. Ukiambiwa upande mzani, panda tu, usinune.

Siku hizi napima nyumbani. Jirani yangu anauza samaki Kirumba, mwaloni. Namwazima mzani wake wa kuning'iniza. Begi linanuka sangara kidogo, lakini mzani haudanganyi. Napima kwanza begi tupu, maana nalo linakula kilo zako.

Nguo? Suruali mbili, blauzi tatu, basi. Kambi nyingi wanafua, ila nguo za ndani fua mwenyewe. Viatu vizito na sweta navivaa safarini. Watu wa Mwanza hatuamini baridi mpaka tukae kwenye gari la wazi saa 12 asubuhi mwezi wa Julai. Kanga mbili: taulo, shuka, kilemba, pazia la kujistiri porini. Rangi nyeusi na bluu iliyokolea ziache kabatini, mbung'o wanazipenda mno. Chaji ya akiba ya simu ikae mkononi, si kwenye kasha.

Na dagaa? Hao siwaachi tena, ni afadhali niache sweta. Nawakaanga wakauke kabisa, nusu kilo tu, nawatia kwenye kopo la mfuniko wa kukaza, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na ya karatasi inavuja mafuta. Kopo nalizungushia kanga mara mbili. Safari iliyopita dada alinipokea pale kwenye kibanda cha uwanja, akalinusa begi kabla hajanisalimu.