Ukingo Mweupe: Kuchapa Picha Kubwa kwa Printa ya A4

Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja aliniomba ramani ya Tanzania ya kubandika darasani, nikamjibu haraka haraka: njoo kesho jioni uichukue. Nilikuwa na printa ndogo ya nyumbani, rimu ya karatasi na kujiamini kwingi. Nikaigawa picha vipande vinane kwenye kompyuta, nikachapa kimoja kimoja, nikavipanga sakafuni. Kila kipande kilitoka na fremu yake nyeupe. Ziwa Victoria lilikatizwa na barabara nyeupe ya kupita gari la kuchezea. Kwa hasira nikakata kingo zote nne za kila karatasi, ndipo nikagundua sina tena pa kupaka gundi.

Wewe unayeanza, ujue hili kabla ya jingine lolote: printa nyingi za nyumbani hazichapi mpaka ukingoni mwa karatasi. Huacha nafasi tupu, tuseme milimita 5 kila upande. Ya kwako ipime kwa rula, maana zinatofautiana, na nyingine huacha nafasi zaidi upande wa chini. Huo ukingo mweupe ndio utakaoamua utumie karatasi ngapi na gundi ikae wapi.

Utaambiwa bango la ukubwa wa A1 ni sawa na karatasi nane za A4. Kwa karatasi tupu ni kweli: A1 ina milimita 594 kwa 841, na A4 ina 210 kwa 297. Ila ukitoa ukingo, A4 yako inabaki na eneo la kuchapa la 200 kwa 287. Tena vipande lazima vilaliane kidogo ili vishikane. Mimi huweka milimita 10. Kwa hiyo karatasi ya kwanza inakupa upana wa 200, na kila inayofuata inaongeza 190 tu. Ukipanga tatu kwa upana unapata 580. Zimepungua milimita 14! Programu haitakuuliza kitu. Itakuongezea pembeni karatasi nyingine tatu, kutoka juu kwenda chini, kwa ajili ya ukanda usiozidi upana wa kidole gumba, na jumla yako itakuwa 12. Sasa punguza picha iwe asilimia 97. Upana unakuwa 576, urefu kama 816, na kazi nzima inaenea kwenye karatasi 9, tatu kwa tatu. Nani darasani atakayeiona hiyo asilimia 3?

Kwa ramani, hata hivyo, kuna mtego. Kama pembeni imeandikwa kwamba sentimita 1 inawakilisha kilomita 20, ukishaipunguza maandishi hayo yanakuwa ya uongo. Skeli ya mstari, ule mstari mfupi uliogawanywa kwa kilomita, haina tatizo, maana inapungua pamoja na ramani yenyewe. Futa yale maneno, uache mstari.

Kazi ya kugawa picha usiifanye kwa mkono kama nilivyofanya mimi. Acrobat Reader, ile ya bure ya kusomea PDF, ukifika kwenye kuchapa ina chaguo la Poster: unaandika asilimia, unaandika kiasi cha mlaliano (angalia kama inapima kwa inchi au milimita), na unaweza kuiambia iweke alama za kukatia. PosteRazor, nayo ya bure, hufanya kazi hiyohiyo kwa picha za kawaida na kukutolea PDF. Hiyo PDF ikishagawanywa, ichape kwa ukubwa halisi. Ukiacha chaguo la Fit, printa inaweza kuzipunguza kurasa zako kimyakimya na hesabu yote ikaharibika. Faili nyingi za kutoka Marekani zimepangwa kwa karatasi ya Letter, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 na fupi zaidi, kwa hiyo hakikisha programu na printa zote mbili zimewekwa A4. Kisha chapa ukurasa mmoja tu, uupime kwa rula, ndipo uendelee.

Picha yenyewe isiwe ile uliyotumiwa WhatsApp kama picha, kwa sababu huko hubanwa. Mwambie mwenyewe akutumie kama dokumenti. Kwa kitu cha kutazamwa ukiwa mita mbili, nukta 100 kwa inchi zinatosha, yaani kama pikseli 2,340 kwa 3,310 kwa A1. Maandishi madogo ndiyo yatakayokuumbua.

Halafu wino. Bahari ya Hindi ikianza kuchapwa, utaiona katriji ya samawati ikiisha mchana kweupe, na bado maziwa yanasubiri zamu. Siku hizi ramani nachapa mistari mieusi tu, wanafunzi wanapaka rangi kwa kalamu za rangi. Rangi ya maji hapana. Wino wa printa nyingi za aina hii ukiguswa na maji unavuja, na mpaka wa Kigoma unageuka ukungu.

Tuje kwenye kukata. Chukua wembe, rula ya chuma na kipande cha kioo cha kukatia juu yake. Mkasi hupinda njiani. Andika namba nyuma ya kila karatasi kwa penseli kabla hujagusa wembe. Kisha kata ukingo mweupe wa kulia na wa chini tu, wa kushoto na wa juu uuache. Karatasi ya kushoto inailalia ya kulia, ya juu inailalia ya chini, kama mabati ya paa, na kwa mpangilio huo vumbi halipati pa kukaa. Pa kupaka gundi ni ule ukingo ulioachwa pamoja na mlaliano wake, jumla milimita 15. Tumia gundi ya kijiti, ile ya kupaka kama lipstiki. Gundi ya maji huikunja karatasi, na haitanyooka tena. Linganisha mistari kwanza, mto na barabara, usifuate pembe za karatasi. Maliza safu moja ya kulala, halafu ya pili, halafu ya tatu, ndipo uunganishe safu kwa safu. Kosa la milimita moja kwenye kila kiungo hukusanyika, kwa hiyo anza na karatasi ya katikati, uende pembeni.

Ramani ya shemeji niliirudia siku iliyofuata, karatasi 9. Sikuiunganisha yote nyumbani, maana alikuja na bodaboda. Nilimpa safu tatu zimeviringishwa pamoja na kijiti cha gundi, akazimalizia mwenyewe juu ya meza mbili za darasa, akabandika na manila nyuma. Mwezi uliofuata akanipigia: mtoto kachana Dodoma. Nikachapa ukurasa mmoja tu, namba 5.