Kabla ya Kugoma, Hesabu Jerikani

Ujumbe umetoka Busia, upande wetu wa mpaka, yaani Uganda. Mwenye bomba la mtaa amepandisha jerikani ya lita 20 kutoka shilingi 100 hadi 300, na vijana wanataka kwenda kulivunja bomba lenyewe. Mwandishi anamalizia: "Wewe unayemsifu Martin Luther King kila siku, yeye angefanya nini?"

Angeomba daftari. Najua si jibu la kusisimua. King, mchungaji mweusi wa Marekani aliyepinga ubaguzi wa rangi bila kutumia nguvu, tunamkumbuka kwa hotuba ya Washington, Agosti 1963, kana kwamba kazi yake ilikuwa kusema vizuri. Miezi minne kabla ya hapo alikuwa jela mjini Birmingham, Alabama, akiandika pembezoni mwa gazeti barua ya kuwajibu viongozi wanane wa dini walioona maandamano yake hayakuwa ya busara wala ya wakati wake. Humo alitaja hatua nne, kwa mpangilio: kukusanya ukweli, kuzungumza, kujitakasa, kisha kutenda. Vijana wa Busia wameanzia ya nne, tena na nyundo mkononi.

Basi daftari. Andikeni kwa wiki mbili: tarehe, saa, bei, jerikani ngapi, na kama maji yalikuwa yanatoka au yamekatika. Wawe waandishi watatu, wa asubuhi, mchana na jioni, maana bei ya jioni mara nyingi si ya asubuhi. Mkiona inapanda siku za kukatika tu, labda mtu huyo ananunua maji kwingine kwa bei kali, na ugomvi wenu utakuwa umekosa shabaha. Kisha mwombeni awaonyeshe bili. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani jerikani 50. Kwa shilingi 300 inamwingizia 15,000. Wekeni namba hiyo kando ya bili yake. Shirika la taifa la maji lina bei nafuu kwa mabomba ya umma, kwa hiyo angalieni bomba limeandikishwa vipi. Kama halikuandikishwa kama la umma, huenda mlango wa kubisha ni ofisi ya shirika, na mwenye bomba mwenyewe akawa mwenzenu wa kwenda naye.

Kuzungumza kunataka watu watatu. Mkienda kumi ataona mmekuja kumpiga. Mmoja wao awe mama anayeteka maji mengi, mwingine awe mtu ambaye mwenye bomba anamheshimu. Pelekeni ombi moja tu: bei. Msichanganye na matope, foleni na matusi ya kijana anayekusanya pesa. Huko Albany, Georgia, mwaka 1961 na 1962, King na wenzake waliukabili ubaguzi wote kwa mkupuo mmoja, wakaondoka karibu mikono mitupu, na baadaye alikiri kwamba ingekuwa afadhali kulenga jambo moja.

Akikubali, iandikwe. Karatasi, tarehe, sahihi, na nakala kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, yenye muhuri wake. Wenye maduka wa Birmingham waliahidi kuondoa vibao vya ubaguzi. Vichache vilitolewa kwa muda mfupi, kisha vikarudi ukutani.

"Kujitakasa" ni neno la kanisani, lakini kazi yake ni ya mikono. Birmingham walifanya mafunzo ambamo watu waliulizwa kama wanaweza kupigwa bila kurudisha. Nyinyi kaeni jioni moja chini ya mwembe, mtu ajifanye mwenye bomba na awatukane dakika tano mfululizo. Anayeshindwa kujizuia apewe kazi ya daftari, asisimame mbele. Wala si aibu. Wale wa Birmingham walitia sahihi ahadi ya kuepuka jeuri ya ngumi, ya ulimi na ya moyo. Kwenu ya ulimi ndiyo itakayowashinda, hasa kwenye kundi la WhatsApp usiku. Mjini mpakani, neno moja tu kuhusu kabila la mwenye bomba litageuza kesi ya maji kuwa kesi nyingine kabisa, na polisi watakuja kwa hiyo.

Akikataa kabisa, susieni. Lakini mgomo wa Montgomery, Alabama, ambako weusi walikataa kupanda mabasi yenye ubaguzi, ulidumu siku 381 kwa sababu watu walikuwa na namna ya kufika kazini. Mwanzoni teksi za weusi ziliwabeba kwa nauli ya basi, senti 10. Wakubwa wa mji walipolibana hilo, waliunda mpango wa magari ya watu binafsi, karibu 300, yenye vituo vya kupandia.

Fanyeni hesabu hiyo. Nyumba 40, kila moja jerikani 5 kwa siku, ni jerikani 200. Baiskeli ikibeba sita kutoka kisima kingine, ni safari 34 kila siku. Nani anaendesha? Nani anaziba pancha? Bibi asiye na mjukuu anateka vipi? Na maji ya kisima lazima yachemshwe, kwa hiyo makaa nayo yaingie kwenye bajeti. Kama mnaweza safari 20 tu, msianze, kwa sababu siku ya tatu mtu atapita nyuma ya nyumba na jerikani yake kununua kwa 300, na mwenye bomba atamwona.

Kuna jambo la majira pia. Birmingham walilenga msimu wa manunuzi ya Pasaka, duka linapoumia zaidi. Kiangazi ni msimu wa mwenye bomba, mtasalimu amri kabla ya wiki kuisha. Mvua kubwa huanza Machi, na kila bati lenye mfereji na pipa chini yake hupunguza safari za baiskeli. Anzeni kukagua mifereji sasa. Mingi imetoboka pale kwenye kona, na siku ya mvua maji yote huishia ukutani.