Ruta ya mtumba au mpya: uliza koleti kabla hujauliza bei

Ndugu yangu wa Urambo, umeuliza swali ambalo mimi mwenyewe nililijibu vibaya mara mbili kabla sijalijibu vizuri. Umesema una shilingi 300,000. Kuna mzee anayefunga karakana yake anakuuzia ruta (mashine ya mkononi ya kuchongea mbao kwa kisu kinachozunguka) ya zamani ya Makita, namba 3612, kwa 280,000, na dukani umeona mpya ya jina usilolifahamu, kwa bei pungufu kidogo, yenye kidhibiti cha kasi, sanduku la plastiki na waranti ya miezi 6. Kazi yako ni milango na fremu za mninga, na sasa umepata oda ya mizinga ya nyuki. Mimi ni seremala hapa Tabora mjini, upande wa Isevya, huu ni mwaka wangu wa 14. Nimenunua ruta 4, mbili za mtumba na mbili mpya, na katika kila kundi moja ilinitia hasara. Kwa kazi uliyoitaja ningechukua ya mzee, lakini kwa sharti ambalo halihusiani na bei wala na jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine.

Sharti hilo ni koleti. Namaanisha kile kipande kidogo cha chuma chenye mipasuko, kinachokaa mwishoni mwa shafti na kuubana mkia wa kisu pale unapokaza nati kwa spana. Wanunuzi wengi hutazama rangi, husikiliza mota, huulizia wati, kisha hutoa pesa, koleti hawaigusi. Nami nilifanya hivyo.

Mwaka ule nilipata oda ya mizinga 20 ya aina ya Langstroth kutoka kwa kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge. Kama hujaitengeneza bado, fahamu kwamba kwenye ukingo wa juu wa sanduku, ndani, upande wa mbele na wa nyuma, huchongwa ngazi ambayo masikio ya fremu (viunzi ambamo nyuki hujenga masega) hukalia. Ngazi hiyo kwa kawaida huwa na kina cha milimita 16 na upana wa milimita 10. Sikio la fremu lina unene wa milimita 10, hivyo juu yake hubaki nafasi ya milimita 6. Nafasi hiyo si ya urembo. Nyuki huacha wazi upenyo wa kati ya milimita 6 na 9 hivi kwa ajili ya kupita. Ukiwaachia mdogo zaidi wanauziba kwa gundi yao, ukiwaachia mkubwa zaidi wanaujaza masega. Nilipima mbao ya kwanza kwa kalipa, nikakuta 16 kamili, nikaridhika, nikaendelea kuchonga hadi jioni bila kupima tena. Nilipokuja kupanga masanduku nikaona fremu za yale ya mwisho zimezama. Nilipima: milimita 20. Kisu kilikuwa kinateleza kutoka kwenye koleti kidogo kidogo, nusu milimita hapa, nusu milimita pale, nami nikisukuma mashine kwa imani. Masanduku 7 yaliharibika, na mbao ya kuyarudia niliitoa mfukoni mwangu.

Ruta hiyo ilikuwa ya mtumba, na aliyeniuzia hakunidanganya. Aliniambia mashine inawaka, na kweli iliwaka. Nilipokitoa kisu nilikuta kwenye mkia wake alama za kahawia zilizozunguka kama pete. Rangi hiyo ni ushahidi kwamba mkia ulikuwa ukicheza ndani ya koleti na kusuguana nayo hadi chuma kikapata joto. Koleti yenyewe, nilipoichomoa na kuiweka kwenye mwanga, mdomo wake ulikuwa umepanuka kuliko shingo, kwa hiyo ilikuwa inabana sehemu moja tu badala ya urefu wote. Mpya iliagizwa Dar es Salaam ikaja kwa basi. Tangu siku hiyo mashine ile haijanisumbua, na ninaitumia hadi leo.

Kwa hiyo unapokwenda kwa mzee, nenda na kisu kipya chenye mkia wa nusu inchi, usitumie chake. Fungua nati, toa koleti, futa vumbi na utomvu, kisha itazame ndani: isiwe na mikwaruzo mirefu, kutu iliyokula chuma, wala mdomo uliopanuka. Irudishe, ingiza mkia hadi mwisho, kisha uvute nje milimita 2 au 3, kwa sababu mkia unaogusa sakafu ya shafti huzuia koleti kukaza sawasawa. Kaza. Ukiwa umechomoa plagi ukutani, shika ncha ya kisu uisukume kushoto na kulia. Ukihisi mchezo, hujui bado kama ni koleti au beringi, lakini umeshajua kwamba bei ya 280,000 si ya mashine hiyo. Angalia pia ukubwa wenyewe: madukani kwetu vinauzwa visu vya mkia wa milimita 12 na vya nusu inchi ambayo ni milimita 12.7, na kwa macho vinafanana. Mkia wa 12 ndani ya koleti ya 12.7 huonekana umebanwa, kisha huchomoka ukiwa kazini. Nimewahi kuona kisu kilichochomoka namna hiyo kikiwa kimezama kwenye mlango wa karakana ya jirani yangu, na hapakuwa na haja ya mtu kunieleza zaidi.

Sababu ya kukuelekeza kwenye mashine ya nusu inchi badala ya zile ndogo za robo inchi ni mbao zetu. Mninga mkavu ni mti mpole kwa kisu, lakini wateja wa Tabora siku hizi huleta pia mkurungu na mtundu, na mtundu nyuzi zake hupishana, kwa hiyo kisu hupigwa huku na huku. Mkia wenye kipenyo mara mbili haupungui kupinda kwa nusu tu. Kwa hesabu za ukakamavu wa fimbo, kipenyo kikizidi mara mbili ukakamavu huzidi mara 16. Ndiyo maana kisu kirefu cha robo inchi hutetemeka na kuacha mawimbi kwenye mbao, ilhali cha nusu inchi hupita kimya. Hiyo mpya ya dukani hukutaja koleti yake ni ya ngapi. Ikiwa ni ya robo inchi au milimita 8 tu, nadhani mjadala wa fremu za milango umekwisha hapo.

Jambo la pili ni volti, na hili halina msamaha. Mashine za mtumba zinazoingia nchini hutoka sehemu nyingi. Za Japani ni za volti 100, za Marekani ni za 120, na zile zilizotumika kwenye ujenzi Uingereza mara nyingi ni za 110, zenye plagi kubwa ya manjano ambayo muuzaji huwa ameshaikata na kufunga yetu ya kawaida. Namba 3612 zipo za 220 hadi 240 na zipo za 110, umbo ni moja. Usiulize, soma kibati. Kijana mmoja wa kata ya Ng'ambo hapa Tabora alichomeka ya 110 kwenye umeme wetu wa 230. Iliunguruma kwa sauti ya juu kuliko alivyotazamia, akadhani ndiyo nguvu, na kabla hajaigusisha mbao moshi ulikuwa unatoka kwenye matundu ya hewa. Volti zikizidi mara mbili, nguvu ya umeme inayokokotwa na joto vinaweza kuzidi karibu mara nne. Transfoma inaweza kukuokoa, ila iwe na uwezo unaozidi wati za ruta, na transfoma ya ukubwa huo ni mzigo na ni gharama. Ikiwa kibati kimefutika au kimebanduliwa, mimi naondoka.

Vitu vingine vilivyochakaa kwenye mashine kuukuu havinitishi sana, kwa kuwa vinatengenezeka hapa hapa. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, zikiwa fupi, mafundi wetu huchukua za grenda kubwa na kuzipunguza kwa msasa hadi ziteleze vizuri kwenye nyumba zake. Si kazi ya kiwandani, lakini inakwenda, mradi zisikwame. Amecha (sehemu ya mota inayozunguka) iliyoungua husukwa nyaya upya, ingawa kwa gharama hiyo afadhali uombe bei ishuke. Beringi huwa na namba ubavuni, na namba hizo ni za dunia nzima: 6202, kwa mfano, ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 35 na unene 11, awe ameitengeneza nani. Ndiyo maana wakati mwingine duka la spea za pikipiki linakuwa na beringi ya ruta yako. Hapo kuna mtego mmoja. Beringi zenye vizibo vya mpira vinavyogusa pande zote mbili hazikuumbwa kwa kasi ya ruta; nyingi zina kikomo kilicho mbali chini yake, nazo hupata moto na kuyeyusha grisi yake. Omba zenye vifuniko vya bati, zile zinazoandikwa ZZ au 2Z, na usichukue ya bei ya chini kabisa.

Mwashie mzee mashine yake gizani au kivulini, utazame kupitia matundu ya juu. Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni ni za kawaida. Pete ya moto inayozunguka komyuteta (ile shaba inayosuguliwa na kaboni) yote ni ugonjwa. Kisha izime na usikilize inavyosimama, kwa kuwa kelele ya beringi husikika vizuri zaidi mota ikiwa inapungua kuliko inapovuma. Nguzo mbili za kushushia mota kwenye mbao zijaribu kwa kusukuma upande mmoja tu: ikikwama, aghalabu ni uchafu na utomvu, ambao hutoka kwa mafuta ya taa na kitambaa.

Sasa niitetee mpya kidogo, kwa kuwa ina haki yake. Ruta kuukuu ya namba hiyo haina kidhibiti cha kasi; ukiiwasha inaruka mkononi na kwenda moja kwa moja kwenye mizunguko 22,000 au 23,000 kwa dakika, na iliyokuja kuwekewa elektroniki ni 3612C. Kwa kisu cha milimita 12 kasi hiyo ni nzuri. Kwa kile kisu kipana cha kuchongea paneli za milango, tuseme chenye kipenyo cha milimita 50, ncha yake inakwenda karibu mita 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa, wakati basi la abiria linatakiwa lisizidi 80. Kisu cha upana huo kinataka mizunguko kama 12,000 hivi. Ikiwa kazi yako kubwa ni paneli za namna hiyo, mashine ya mzee haikufai, na hakuna koleti itakayobadilisha neno hilo. Mimi paneli nazichonga kwa msumeno wa meza na kuzimalizia kwa randa. Inachelewesha, lakini vidole vyangu viko kumi.

Ila kidhibiti hicho hicho ndicho kilichoniua kwenye ruta mpya ya kwanza. Umeme wetu ukipanda na kushuka, ule ubao mdogo wa elektroniki ndio huenda kwanza. Yangu ilidumu miezi 8 tu, waranti ikiwa imekwisha. Ikabaki inawaka na kuzima yenyewe, na kwa kuwa jina lake halikuwa na wakala wala spea, si ubao uliopatikana wala koleti ya akiba. Hatimaye fundi aliuruka ule ubao akaunganisha swichi moja kwa moja, nami nikawa na ruta mpya isiyo na kidhibiti, yaani kile kile nilichokikataa kwa mtumba, tofauti yake ikiwa ni kwamba nguzo zake zilikuwa zimeshaanza kulegea. Ruta mpya ya pili niliinunua baada ya kuuliza dukani swali moja tu: koleti yake nikiitaka kesho mtaniuzia? Walikuwa nayo kwenye droo. Nimekaa nayo miaka 5.

Swali hilo hilo lipeleke kwa pande zote mbili. Mzee aliyeniuzia ile yangu ya mtumba, nilipomuuliza kijuujuu, bila kuigusa, kama koleti ni ile iliyokuja na mashine, alicheka. “Mwanangu, mashine inawaka, unataka nini tena?” Ningekuwa na akili za leo ningemjibu, “Shikamoo mzee, nataka kuchonga mita mbili mbele yako.” Wewe fanya hivyo. Beba kipande cha mkurungu au mtundu, si msonobari, na kisu chako kipya. Piga alama ya kalamu ya wino kwenye mkia, pale unapoingia kwenye koleti. Chonga mfereji wa kina cha milimita 6 kwa mapito mawili, mita mbili au tatu, kisha pima kina mwanzoni na mwishoni na uitazame ile alama. Ikiwa haijasogea na kina hakijabadilika, mlipe, umwombe akuachie na spana zake mbili. Ikiwa imesogea, uliza duka la Makita bei ya koleti na ujira wa kuifikisha Urambo, uvitoe kwenye 280,000, na akikataa, zile 300,000 zako bado ziko mfukoni. Kwa ile mizinga, hata ukinunua mashine gani, pima ngazi kila baada ya sanduku la tatu.