Mfundishe kijana kurudi nyuma bila aibu

Mafunzo mengi ya kutatua ugomvi kwa amani huanzia kwenye maneno. Mwambie mwenzako unavyojisikia bila kumshutumu, msikilize mpaka amalize, tafuteni njia ambayo kila mmoja ataridhika nayo. Ni mafunzo mazuri, na mimi mwenyewe nayatumia. Shida yake ni kwamba huwa yanachelewa kufika. Wakati kijana anatafuta neno la kusema, mwili wake umekwisha kusema mengi: taya limekaza, mabega yamepanda, mguu mmoja umesogea mbele. Mwenzake ameyasoma yote hayo na ameanza kuyajibu.

Kwa muda mrefu nimekuwa mwezeshaji wa vikundi vya vijana vinavyojifunza usuluhishi kupitia dansi na miondoko. Nikiulizwa na mwalimu au mlezi anayetaka kuanza aanzie wapi, namwambia asiitegemee dansi iwafanye vijana wapendane. Aitumie kuwafundisha kurudi nyuma bila kuona aibu.

Ugomvi mwingi wa vijana huendelea kwa sababu ya watazamaji. Wawili wamekabiliana, wenzao wamewazunguka, na ukiwaangalia usoni unaona kabisa kwamba kila mmoja angefurahi mambo yaishe. Lakini atakayesogea nyuma kwanza ataitwa mwoga, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kusogea nyuma inayoonekana kuwa ni ufundi. Dansi inayo namna hiyo. Katika dansi ya wawili, mmoja anakwenda mbele kwa sababu mwingine anarudi nyuma, kisha wanabadilishana. Wote wakisukuma mbele, wanakanyagana na dansi inakufa papo hapo. Kijana akishalijua hilo miguuni, kurudi nyuma kunakuwa hatua kama hatua nyingine.

Wacheza capoeira wa Brazil, mchezo unaochanganya dansi na mapigano, wamelijenga jambo hili kuwa sanaa kamili. Mchezo wao ulikuzwa na Waafrika waliofanywa watumwa, sheria ya nchi ikaupiga marufuku mwaka 1890, na mwaka 2014 UNESCO ikaliingiza duara la capoeira katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Teke linapokuja, mara nyingi mchezaji halipingi kwa nguvu. Anainama, analipisha, anarudi kwenye mwendo wake wa kuyumbayumba, kisha anatoa jibu linaloendeleza mchezo. Duara zima linamshangilia aliyekwepa vizuri. Fikiria kijana aliyezoea kusifiwa kwa kupiga, sasa anasifiwa kwa kukwepa.

Mfano mwingine ninaowasimulia vijana ni wa eneo la Bronx, New York, kwa sababu wengi wao wanapenda hip hop bila kujua kilichoitangulia. Desemba 1971, Cornell Benjamin, mpatanishi wa genge la Ghetto Brothers, aliuawa akijaribu kuzuia mapigano kati ya magenge. Watu walisubiri kisasi. Badala yake, tarehe 8 Desemba viongozi wa magenge walikutana katika klabu ya vijana ya Hoe Avenue wakakubaliana kusitisha mapigano. Uhasama haukufutika siku ile, lakini ilianza kuwezekana kijana kuvuka mtaa kwenda kwenye sherehe ya watu wa mtaa mwingine. Tarehe 11 Agosti 1973 DJ Kool Herc akapiga muziki kwenye sherehe ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa hip hop, na kwenye sherehe za aina hiyo ndipo brekidansi ilipokua, dansi ambayo wapinzani wanakabiliana uso kwa uso na hakuna anayemgusa mwenzake. Mwaka 2024 ilichezwa kwenye Olimpiki ya Paris. Kijana akisikia kwamba dansi anayoipenda ilipata nafasi kwa sababu watu walikubali kutolipiza kisasi, huwa ananyamaza na kufikiri. Nimeliona hilo mara nyingi.

Sasa mazoezi yenyewe.

Mimi huanza na umbali. Vijana wawili wanasimama pande mbili za ukumbi, na mmoja anamwendea mwenzake taratibu. Aliyesimama anainua kiganja pale mwili wake unapomwambia inatosha. Ndipo namuuliza: umejuaje? Mmoja atasema tumbo limekaza, mwingine pumzi imekatika, mwingine amejikuta ameegemea nyuma. Tunarudia zoezi kwa mwendo wa haraka, kisha kwa macho yaliyokodoa, kisha kwa ubavu badala ya kifua, na kila mara mahali pa kusimama panabadilika. Hapo vijana wanagundua jambo ambalo mahubiri hayawezi kuwapa: umbali uleule na mtu yuleyule unaweza kuwa salamu au tishio, kutegemea kasi, macho na upande wa mwili uliotangulia. Rudolf Laban, aliyefariki mwaka 1958, alijenga elimu nzima ya kuchambua mwendo wa binadamu kwa uzito, nafasi, wakati na mtiririko wake. Huhitaji kuisoma yote. Inatosha vijana wako wawe na majina ya vitu hivyo, ili siku ya ugomvi mmoja aweze kusema "umenijia kwa kasi mno" badala ya "unanidharau". Kasi inaweza kupunguzwa pale pale. Dharau watu hubishana nayo mpaka usiku.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la kijiti. Wawili wanaweka kijiti chembamba kati yao, kila mmoja akikishikilia upande wake kwa ncha ya kidole cha shahada tu, bila kukikamata. Muziki unaanza na wanacheza: wanazunguka, wanainama, wanapanda, wanashuka. Ukisukuma kupita kiasi unamuumiza mwenzako au unamkimbiza. Ukilegea, kijiti kinaanguka. Hakuna anayeweza kushinda peke yake, na hakuna anayeweza kujitoa kimyakimya, kwa sababu kijiti kitaanguka mbele ya watu wote. Mwanzoni kila kinapoanguka wanalaumiana. Waache walaumiane kidogo, halafu toa sharti moja: kikianguka, kila mmoja aseme mkono wake mwenyewe ulifanya nini, bila kuutaja mkono wa mwenzake. Sharti hilo lina kazi kubwa kuliko hotuba yangu yoyote kuhusu kuwajibika. Wapo vijana wanaolipinga kwa dakika kadhaa, wanasisitiza kwamba wao hawakufanya kitu. Usiwalazimishe. Muziki ukiendelea na kijiti kikiendelea kuanguka, wataanza kuutazama mkono wao.

Baada ya hapo tunacheza ugomvi wa polepole. Augusto Boal, mwanamaigizo wa Brazil, aliwazoesha watu kujenga sanamu kwa miili yao ili waone mahusiano ya nguvu yaliyofichika, na mimi huazima hapo. Kikundi kinachagua ugomvi wa kubuni unaofanana na maisha yao: mtu kasukumwa kwenye foleni, siri imevuja, simu imechukuliwa bila ruhusa. Wanajenga sanamu tatu, yaani mwanzo, kilele na mwisho wa ugomvi, kisha wanaziunganisha kwa mwendo wa polepole sana, kila mwendo ukihesabiwa hadi nane. Watazamaji wanapiga kofi pale wanapoona mlango wa kutokea. Mchezo unasimama, aliyepiga kofi anaingia na kubadilisha kitu kimoja tu: anageuza bega, anashusha mkono, anakaa chini, anampisha mwenzake. Kisha tunaona ugomvi unakwenda wapi. Polepole ndiyo siri ya zoezi hili. Mtu akihisi hatari, adrenalini hupanda, moyo hudunda kwa kasi na misuli hujiandaa kupigana au kukimbia, hali ambayo mwanasayansi Walter Cannon aliieleza tangu mwaka 1915. Na sehemu ya ubongo inayosaidia kujizuia huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Kumwambia kijana "fikiri kwanza" bila kumpa mazoezi ya kupunguza kasi ni kumdai kitu ambacho hukumpa.

Usikimbilie kumaliza kipindi muziki ukizima. Nusu ya kazi iko kwenye mazungumzo ya baadaye, watu wakiwa wamekaa duara na bado wanahema. Maswali yangu ni mafupi: mwili wako ulijua lini? Ulikuwa na njia gani nyingine pale? Ni wapi umewahi kuhisi hivi nje ya ukumbi huu? Bila mazungumzo hayo, vijana wanaondoka wakiwa na furaha tu. Furaha nayo ni neema, ila haifiki mbali.

Hapa nataka kuwaonya wenzangu wanaopenda sana kuchezesha kundi zima kwa mwendo mmoja. Ni kweli kucheza pamoja kunaunganisha. Utafiti wa Scott Wiltermuth na Chip Heath uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu waliotembea kwa hatua zinazolingana walishirikiana zaidi baadaye, na mwaka 2015 watafiti waliowachezesha wanafunzi wa sekondari nchini Brazil waliona kwamba kucheza kwa kulingana na kucheza kwa nguvu, kila kimoja kwa upande wake, viliongeza ukaribu kati ya wachezaji. Lakini Wiltermuth huyohuyo alionyesha mwaka 2012 kwamba watu waliolinganisha mwendo walikuwa wepesi zaidi kumtii mwenzao aliyewataka wadhuru viumbe wengine, wadudu katika jaribio lile. Majeshi yanajua hilo kwa karne nyingi. Kwa hiyo ukiwachezesha wa upande mmoja peke yao kila wiki, unaweza kuwa unajenga kikosi. Changanya makundi mara kwa mara, na katika kila dansi ya pamoja weka nafasi ya kila mmoja kutoka kwenye mstari, kucheza chake, na kurudi akipokelewa.

Kuhusu kugusana, uliza kwanza na ukubali jibu. Pierre Dulaine, aliyeanzisha Dancing Classrooms, mpango wa kufundisha dansi shuleni, mjini New York mwaka 1994, aliwahi kurudi Jaffa, mji ulio nchini Israeli leo, alikozaliwa, kuwafundisha watoto wa Kiyahudi na wa Kipalestina kucheza wawili wawili, na kushikana mikono tu kulikuwa mtihani mkubwa. Kwa wengine kizuizi ni dini, kwa wengine ni jambo baya lililowahi kuwapata. Kijiti kinatosha, kitambaa kinatosha, hata kivuli ukutani kinatosha. Usimlazimishe mtu kufumba macho. Ukimwona kijana ameganda na macho yameondoka, mpe kiti karibu na mlango, kaa naye, na baadaye mkutanishe na mshauri mwenye ujuzi, maana hapo dansi imefika mwisho wa uwezo wake.

Tena, uonevu si ugomvi. Mtoto anayepigwa kila siku asiambiwe acheze na anayempiga ili wapatane. Huyo anahitaji ulinzi kwanza, na mwonezi anahitaji kuwajibishwa. Vilevile waliopigana asubuhi usiwapange pamoja mchana. Mazoezi haya ni ya siku za utulivu, ili siku ya joto mwili uwe na kitu cha kukumbuka.

Mwisho kuna yule asiyetaka kucheza, na katika kila kikundi yupo. Mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote nje ya ukumbi. Mpe kazi ya mdundo: apige ngoma, ahesabu hadi nane, aamue lini ugomvi wa polepole usimame. Mwache hapo vipindi vingi kadiri anavyotaka. Anayeshika mdundo lazima awatazame wote kwa makini, na hivyo anajifunza kusoma miili ya wenzake kabla hajajitosa. Akiomba kuingia, mpokee bila shangwe yoyote na umpe kijiti.