Seva zimewaka, huduma hazijawa tayari

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kompyuta za chama cha akiba na mikopo hapa Moshi. Tuna seva tatu za Linux: moja ina kanzidata ya PostgreSQL, na mbili zinaendesha programu ya wanachama zikiwa klasta moja, yaani zikishirikiana kama seva moja. Umeme ukikatika hadi betri zikaisha, seva zote huwaka kwa pamoja unaporudi, na programu hugoma kuanza ingawa nimeandika After=postgresql.service (ianze baada ya kanzidata) pamoja na Restart=on-failure (ianzishwe tena ikianguka) kwenye systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux. Hunilazimu kufika ofisini na kuziamsha zote mbili kwa amri moja. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, nikaziamsha alfajiri, na wanachama wakakuta riba ya siku hiyo imeingizwa mara mbili. Nifanye nini?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa safari za alfajiri, na pole zaidi kwa suala la riba, maana mwanachama akishaona hesabu yake imekosewa mara moja, huikagua kwa wasiwasi kila mwezi unaofuata.

Mstari wako wa After haukusaidii hata kidogo. Systemd ya kila seva inazijua huduma za seva hiyo peke yake, na ukiitajia huduma ambayo haipo hapo, huupita mstari huo kimya kimya bila kukuonya. Hata kama kanzidata ingekuwa kwenye mashine ileile, After hupanga foleni tu, yaani nani atangulie na nani afuate. Haijui kama programu yako itakubaliwa itakapoomba kuunganishwa.

PostgreSQL iliyozimika ghafla haipokei wateja mara inapowaka. Kwanza huipitia rejista yake ya miamala, iitwayo WAL, ili kuyarudisha mabadiliko yaliyokwisha kuthibitishwa lakini hayakuwahi kufika kwenye mafaili ya data, na anayebisha hodi wakati huo hujibiwa kwamba mfumo bado unaanza. Programu yako hupata jibu hilo na kujifunga. Systemd huiamsha tena baada ya milisekunde 100, na kwa mpangilio wake wa kawaida, ikishaianzisha mara 5 ndani ya sekunde 10 na bado inaanguka, huacha kujaribu. Ndiyo sababu unapofika na kuianzisha kwa mkono inakubali: muda uliotumia njiani ndio uliokuwa ukihitajika.

Kwa hiyo weka RestartSec=10, yaani isubiri sekunde 10 kabla ya kila jaribio, ili majaribio yasifikie kikomo hicho. Kisha, kwenye ExecStartPre, mstari wa amri zinazotangulia programu kuanza, weka hati fupi inayoita pg_isready, amri ya kuuliza kama PostgreSQL iko tayari, kila baada ya sekunde chache hadi irudishe 0. Ikirudisha 1, kanzidata ipo lakini bado inakataa wateja, na ikirudisha 2, hakuna aliyejibu. Ongeza pia TimeoutStartSec, kikomo cha muda wa kuanza, kwa sababu muda wa kawaida ni sekunde 90 na kusubiri huko kunahesabiwa ndani yake. Mtandao nao uutegemee kupitia network-online.target, hatua inayofikiwa mtandao ukiwa tayari, kwa Wants (inayoomba hatua hiyo iwashwe) na After kwa pamoja, wala si network.target, ambayo haithibitishi kwamba seva imekwisha kupata anwani. Hata hivyo, nakusihi uwaombe waandishi wa programu waifundishe kusubiri na kujaribu tena yenyewe, kwani kanzidata inaweza kuanguka hata saa sita mchana, wakati hakuna seva inayowashwa.

Sasa riba. Katika klasta za aina nyingi, seva inapoamka huwauliza wenzake kwenye mtandao kama wapo, na isipojibiwa ndani ya sekunde chache, hujihesabu kuwa ya kwanza na kujifanya kiongozi, yaani mwenye kutekeleza kazi za pamoja kama riba. Ulipoziamsha zote mbili kwa amri moja, yaelekea kila moja iliuliza wakati mwenzake hajawa tayari kujibu, zikawa viongozi wawili, na kila mmoja akaikuta kazi ya usiku iliyopitwa na wakati wake na kuitekeleza. Baadaye seva hizo hutambuana na kuungana, lakini fedha imekwisha kuandikwa. Kura ya wingi ya kumchagua kiongozi nayo haiwezi kuamua kati ya wawili, kwa kuwa mmoja kati ya wawili si wingi. Ingehitajika seva ya tatu ili wawili wawe wengi.

Sikushauri ununue seva ya tatu kwa ajili hiyo tu, kwa sababu tayari unayo kanzidata, ambayo wote wawili wanaitegemea. Tengeneza jedwali dogo ambamo tarehe ya riba ni ufunguo usiorudiwa. Kazi ya riba ianze kwa kuingiza tarehe yake humo, ndani ya muamala uleule unaoandika riba za wanachama. Seva ya pili ikijaribu tarehe ileile, PostgreSQL itaisubirisha: ya kwanza ikikamilisha, ya pili itakataliwa; ya kwanza ikianguka katikati, kila ilichoandika kitafutika na ya pili itaendelea kihalali. Kwa ulinzi huu, hata viongozi wakiwa wawili, riba itaingia mara moja.

Riba iliyokwisha kuzidi msiifute. Mhasibu aandike maingizo ya kuirudisha, ili kumbukumbu ibaki.

Kabla ya kuyaweka haya kwenye mfumo wa kazi, jaribu kwa nakala ya kanzidata, ofisi ikiwa imefungwa. Ipange riba ya majaribio, chomoa nyaya za umeme za seva zote tatu, subiri hadi saa ya riba ipite, kisha washa zote kwa pamoja bila kugusa kibodi, na uhesabu mistari ya tarehe hiyo kwenye jedwali na kwenye hesabu za wanachama.