Majani yamegoma kufunga shamba, nimwage urea?

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Boma Ng'ombe, robo eka nimepanda brakiaria (majani ya malisho ya ng'ombe) za vishina masika ilipoanza, nikaacha mita moja kwa mita moja maana vishina vilikuwa vichache na bei yake sio ya kitoto. Wiki ya tano hii magugu ndo yanastawi, jirani ananiambia mwaga urea mfuko mzima majani yatafunga yenyewe. Nimwage?
Mama Wawili, Hai

JIBU: Mama Wawili, usimwage. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, hiyo kwa robo eka ya majani machanga ni nyingi mno, mizizi bado haijasambaa, kwa hiyo watakaonufaika ni hao magugu wako unaowalalamikia, utakuwa umewanunulia chakula.

Shida ni nafasi. Mita kwa mita una mashina kama 1,000 tu, katikati kote peupe. Ungepanda nusu mita kwa nusu mita yangekuwa 4,000 na yangegusana mapema, ila sikulaumu, vishina kweli vinauma mfukoni. Vuli ikianza chimbua mashina yaliyonona, yapasue, ziba mapengo, hapo hununui kitu.

Kwa sasa palilia kwanza, tena safi, halafu subiri siku udongo una unyevu. Chukua kizibo cha soda, kizibo kimoja cha urea kwa shina moja, weka pembeni kama upana wa kiganja (ikigusa shina inaunguza) na ufukie. Usiiache juu juu na jua letu la Boma, naitrojeni inapanda hewani kama gesi na hela yako imeondoka nayo. Kwa mashina yote haizidi kilo tano au sita, mfuko uliobaki funga vizuri, utaongeza baada ya kukata mara ya kwanza, majani yakifikia kama miezi mitatu. Kama una CAN (mbolea nyingine ya naitrojeni) sawa tu, haipotei hewani kirahisi hivyo, ila naitrojeni yake ni kama nusu ya urea kwa hiyo vizibo viwili. Samadi iliyoiva nayo mwaga bila hofu.

Ukikata acha kisiki cha kiganja, usinyoe. Na ukishaweka urea usimkatie ng'ombe wiki ileile, hasa mvua ikikatika, majani yanajaza naitreti na inaweza kumuua.