Mvua ya Seattle na jua la picha la Minnesota

Mpwa wangu wa Tabata amepata nafasi vyuo viwili Marekani, kimoja Minnesota, kingine jirani na Seattle. Juzi akaandika kwenye kundi la familia: "Anko, wewe umeishi zote mbili. Baridi ya wapi ina nafuu? Naambiwa Seattle hakuna baridi, ni mvua tu." Wajomba na mashangazi wakamvamia kwa majibu, na wengi wao hawajavuka hata Tunduma. Basi ngoja nijibu mimi niliyepigwa na zote.

Waliokwambia Seattle hakuna baridi wamesema nusu ya ukweli. Januari mchana huku ni nyuzi 8 au 9, usiku 3. (Wenyeji watakutajia 48, wao wanahesabu kwa Farenhaiti. Usidhani ni joto la Dodoma.) Upepo wa hapa unatoka Bahari ya Pasifiki, na maji ya bahari hayapoi haraka kama nchi kavu. Upande wa mashariki kuna milima ya Cascade inayozuia ile baridi kali ya katikati ya bara isitufikie, ila siku moja moja inapenya. Theluji tunaiona mara chache kwa mwaka, na ikianguka mji unasimama, maana Seattle ni vilima vitupu na magari yanateleza kama sabuni.

Minnesota hakuna cha kuizuia. Mwisho wa Januari 2019 nilikuwa Minneapolis, joto likashuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Hata posta ilisitisha kupeleka barua. Mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni hatua kama thelathini, na kabla sijafika vinyweleo vya puani vilikuwa vimeganda, nikivuta pumzi nasikia kama nimejaza sindano puani. Gari lenyewe halikuwaka, betri imekufa. Lakini sasa ungeiona mbingu ya siku ile! Buluu tupu, hakuna wingu, jua linapiga kwenye theluji mpaka unakunja uso. Ndilo ninaloliita jua la picha: unaliona vizuri, kukupasha moto halikupashi.

Sasa mvua. Wewe umekulia Dar, ukisikia mvua unawaza Jangwani imejaa maji na mwendokasi umesimama. Futa hiyo. Seattle kwa mwaka mzima inapata kama milimita 1,000, na Dar inapata kama hizo hizo au zaidi kidogo. Dar inamwaga yote kwa fujo, halafu saa nane mchana jua limetoka na nguo zimekauka. Huku ni manyunyu. Yanaanza Oktoba, yanakwenda mpaka Aprili, hayana radi, hayana kelele, wala hayana haraka. Unatoka asubuhi yapo, unarudi jioni yapo, na ukimuuliza mwenyeji kama mvua inanyesha anaangalia juu kwanza kabla ya kukujibu. Mwavuli hawabebi, wana koti lenye kofia tu. Mimi wiki ya kwanza nilinunua mwavuli mkubwa mweusi, nikawa najulikana kazini kwa huo mwavuli.

Muulize mama yako, atakwambia hali hii tunaijua. Tukuyu kunanyesha zaidi ya milimita 2,000, mara mbili ya hapa, na Juni ukungu unashuka Rungwe unakaa mpaka saa tano. Tulikwenda shule tumejifunika jani la mgomba kichwani, miguu peku kwenye matope. Kwa hiyo nilipohama Minneapolis kuja Kent, kusini kidogo ya Seattle, nilijitapa kwa anti yako: mimi ni mtoto wa Tukuyu, manyunyu yatanifanya nini.

Yalinifanya. Si kwa ubaridi wake, ni kwa giza lake. Tukuyu hata ukungu uwe mzito vipi, saa kumi na mbili na nusu kumepambazuka. Hapa Desemba jua linachomoza saa mbili kasoro dakika tano asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini jioni. Na huko "kuchomoza" ni kwa kwenye kalenda tu, kwa sababu lipo nyuma ya wingu la rangi ya sufuria ya bati. Kwa saa za mchana Minneapolis haiizidi sana Seattle, tofauti ni kama dakika ishirini. Ila kule mbingu inafunguka, hapa inafunikwa Novemba na kufunuliwa inapojisikia.

Novemba yangu ya kwanza Kent nilianza kulala kama mgonjwa. Siku ya mapumziko naamka saa nne, saa nane nimelala tena. Nikawa mkali nyumbani kwa vitu vya kijinga, kijiko kimewekwa wapi. Nikadhani ni kukumbuka nyumbani, nikaongeza simu za bibi yako, haikusaidia. Daktari akapima damu, vitamini D iko chini kabisa. Akanieleza kwamba miezi hii jua liko chini sana angani, ngozi haipati mwanga wa kuitengeneza, na sisi weusi tunahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko wazungu. Akanipa vidonge, akaniambia ninunue taa ya mwanga mkali niikalie mbele nusu saa asubuhi. Nilicheka. Mtu mzima kuota taa! Sasa ipo mezani karibu na birika, nakunywa chai nikiitazama kama kuku wa mashine.

Na unyevu wake una mambo. Chumba chetu cha kwanza kilifanya ukungu mweusi nyuma ya kabati, viatu vya harusi vya anti yako vikaota manyoya. Gari nililoliegesha mwezi mzima nilikuta kuvumwani imeota kwenye mpira wa dirisha, kijani kabisa, laini, ile ile ya kwenye mawe ya mto Kiwira. Sikuing'oa siku hiyo. Niliipiga picha nikamtumia mama yako.

Anti yako mpaka leo hajakubali. Yeye anasema angerudi Minneapolis kesho, kwamba baridi unaivalia nguo lakini giza hulivalii chochote. Hoja yake ni nzito na sijapata jibu lake. Lakini mimi nachagua mvua. Minnesota miezi minne nilikuwa mfungwa: ndani, gari, kazini, gari, ndani. Katikati ya mji wamejenga hadi madaraja ya vioo kutoka jengo hadi jengo ili mtu asitoke nje. Hapa Januari naweza kutembea kilomita tano, nikarudi nimelowa mabega tu. Majani ni mabichi hata wakati wa baridi. Halafu ikifika Julai mvua inakata kabisa, jua linazama saa tatu usiku, na watu wote wanasamehe. (Ila usiwaamini kwa kiangazi pia. Tarehe 28 Juni 2021 tulifika nyuzi 42, nyumba nyingi hazina kiyoyozi, mimi mtu wa Tukuyu nikalala bafuni kwenye vigae.)

Wewe sasa. Nakufahamu, huwezi kukaa ndani siku mbili, na ukikosa jua la Coco Beach wiki moja unanuna. Hapo nakuona Minnesota ukilia Januari na Seattle ukilia Novemba. Angalia ada kwanza, chenye nafuu ndicho uende, nguo tutapanga. Ila koti usinunue Kariakoo, yale yanayoitwa ya baridi ni ya Iringa. Pima mkono wako kuanzia begani hadi kiganjani, unitumie sentimita, na useme ni chuo gani, maana makoti yenyewe hayafanani.